Mwaka wa Injini Kavu

Kaka yangu Salumu tulimzika siku ya Jumatano, na kufikia Alhamisi asubuhi alikuwa amekwisha kuwa fundi. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wanawake, ndani ya sebule ile ile ya Kamalondo iliyonitema, nikamsikia mzee mmoja wa mtaa akiwaambia wenzake barazani kwamba Lubumbashi nzima haikuwa na mtu aliyeijua injini ya boti kama marehemu. Wengine wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba marehemu aliweza kuusikia ugonjwa wa injini kabla haijaugua. Maiti hasemwi vibaya. Nilitia tonge la bukari mdomoni ili mdomo uwe na kazi nyingine. Sombe la majani ya muhogo lilikuwa limezidi chumvi. Wifi yangu Mwajuma, ambaye sasa ni mjane, alikuwa ubavuni mwangu amejitanda kitenge, na tangu nilipoingia alikuwa hajaniangalia usoni. Sebule ile sikuwa nimeikanyaga tangu ujana wangu. Nilikuja kwa sababu damu ni damu, na kwa sababu nisingekuja watu wangesema. Na kama ni kusema kweli yote, nilikuja pia kuhakikisha kwamba amekufa.

Najua maneno hayo ni machungu. Nimeishi nayo muda mrefu, yamekwisha kuwa kama jino bovu ambalo mtu amezoea kutafunia upande wa pili. Lakini nilipokaa pale, nikiusikia ule mlango wa bati wa jikoni ukigonga kila upepo ulipopita, kama ulivyokuwa ukigonga zamani, mwaka ule mmoja ulinirudia wote, na harufu zake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nikiuza samaki: napanda lori la Kasenga, nakaa kando ya mto Luapula nikingoja boti zirudi, nanunua, nageuza na lori lile lile mpaka sokoni. Kule mtoni kungoja ni sehemu ya kazi. Wenzangu walisukana nywele, mimi nilikaa karibu na wanaume waliokuwa wakifungua injini mchangani, nikiwashikia bisibisi na kuuliza maswali mpaka wakachoka kunifukuza. Kwa hiyo nilichokijua sikukipata kwa akili nyingi. Nilikipata kwa kungoja.

Boti tulinunua mimi na Salumu, kila mmoja akatoa chake. Ilikuwa imetumika sana upande wa Zambia, bodi yake ya bati nene imebonyea ubavuni, na injini yake ya nguvu za farasi kumi na tano ilikuwa imekwaruzwa hata jina la kiwandani halisomeki. Ilipita mpakani Kasumbalesa juu ya lori, katikati ya foleni ya malori ya shaba, na wale wa forodha walicheka mpaka machozi wakituuliza boti inakwenda kufanya nini katika mji ambao mto wake hautoshi hata bata kunyoosha miguu. Tuliishusha uani kwetu Kamalondo, ikajaza ua wote. Kwa miezi kadhaa tulipita ubavu ubavu kwenda chooni. Mwajuma alianika nguo za watoto juu yake, na kuku mmoja akaamua kutagia chini ya benchi la nahodha. Injini haikuweza kuachwa nje, ikaletwa chumbani kwangu kule nyuma, ikafungwa kwenye farasi wa mbao, ile fremu ya miguu minne ya maseremala, mguuni pa kitanda. Nguo zangu zote zikanuka petroli, na shoga zangu wakasema nimepata bwana asiyeoga.

Makubaliano yalikuwa mepesi, na yalifanywa mezani mbele ya Mwajuma, siku tuliyokula samaki wa thomson wa kukaanga na mboga ya lengalenga. Mimi ningehamia Kasenga na kuiendesha boti. Salumu angebaki mjini kupokea samaki na kutafuta wateja. Kwangu boti ile ilikuwa mlango wa kutokea. Katika nyumba ya Salumu nilikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, na kila mgeni aliyeingia nilitajwa kwake kama mzigo uliobaki: huyu bado hajaolewa, tunaangalia. Nilitaka maji yangu, injini yangu, na ukingo wa mto ambao hakuna mtu angeniuliza nimetoka wapi. Sijawahi kukitaka kitu kingine namna ile, kabla wala baadaye.

Nikaanza kuitengeneza. Mafuta ya gia, nilipoyafungulia chini ya mguu wa injini, ile sehemu inayozama majini, yalitoka meupe kama maziwa, maana yake maji yalikuwa yameingia. Nikabadilisha mpira wa kuzibia, nikatia mafuta mapya. Buji za kuwashia zilikuwa nyeusi tii, nikazisugua. Kabureta ilikuwa imejaa vumbi letu jekundu, hata sijui lilikuwa limeingia lini. Nikaufungua pia mguu wenyewe kuitazama pampu ya maji, na pampu ndiyo kisa chote, kwa hiyo nitaieleza. Injini ya boti haibebi maji yake. Lori hubeba maji yake kifuani, mtu anayamimina asubuhi na safari inaanza. Injini ya boti huyanywa huko huko ilikozama. Ndani ya mguu mna kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa laini, kinazunguka, kinayapandisha maji juu kupoza injini, kisha maji hutokea ubavuni kwa kitundu. Watu wa mtoni husema injini inakojoa. Ikikojoa, ni nzima. Na kile kigurudumu hulainishwa na maji yale yale, kwa hiyo ukiiwasha injini mahali pakavu, mpira unaungua upesi kuliko kitunguu kwenye mafuta. Changu nilikikuta kizima, mabawa yote yapo, yanapinda na kurudi. Nikakirudisha, nikafunga.

Kila nilipotaka kuiwasha nilitafuta mtu wa kunisaidia kuibeba, tunaitumbukiza mguu ndani ya pipa la maji chini ya mchirizi wa paa, navuta kamba, nasimama kuangalia kitundu. Salumu alikuwa akinitazama kutoka barazani akiwa na kikombe cha chai. Hakuwa akiuliza swali, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukubali. Alipenda kusema kwamba amefungua injini za magari tangu mimi nikiwa nakojoa kitandani, na huo ulikuwa ukweli. Magari aliyajua vizuri sana. Ila Kamalondo hakuna aliyekua tangu utotoni akiangalia boti. Majirani zetu walijua pikipiki, malori, mashine za kusaga. Mashine kwao ni kitu unachokiwasha kikanguruma, na kikinguruma sana ndiyo kizima.

Sasa kuna desturi yetu. Lubumbashi kitu kipya hakiingii nyumbani hivi hivi, lazima tukiaroze: uite watu, mnywe, mle, kila mmoja akiguse na kukisifia, la sivyo watasema umekificha na kitakufa mapema. Hata kitu kikuukuu, maadamu ni kipya kwako, kinadai vinywaji. Salumu akatangaza siku. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo tukaweka soda na chai ya tangawizi, na majirani Wakatoliki wakaja na bia zao wenyewe chini ya koti, kwa heshima. Nilipika tangu alfajiri. Ua ulijaa hata juu ya boti wakaketi watu, yule kuku akahama na kelele zake. Injini walikuwa wameitoa chumbani kwangu bila kuniuliza, wakaisimamisha juu ya farasi wake katikati ya ua, imefutwa inang'aa, na mtu ameivalisha ua la plastiki shingoni.

Nilikuwa jikoni nikigeuza bukari niliposikia watu wakisema, tusikie, tusikie basi. Nikatoka na mwiko mkononi. Salumu alikuwa ameshika kamba. Pipa lilikuwa pale pale chini ya mchirizi, limejaa, wala halikuwa mbali. Nikampita mjomba mmoja, nikamfikia, nikamwambia kwa sauti ya chini, nikimwita Yaya kama tunavyomwita kaka mkubwa, ili nisimwaibishe.

"Yaya, tuitie kwanza mu fût. Bila mayi inakufa."

Hakunigeukia. Aliwaangalia wageni wake, akatabasamu, akasema ili wote wasikie:

"Bantu bamekuya kusikia moteur. Habakuya kusikia weye."

Wakacheka. Hata Mwajuma alicheka, nilimwona. Akavuta kamba, injini ikashika mara ya kwanza, maana nilikuwa nimeitengeneza vizuri, na kelele ikagonga kuta za majirani ikarudi. Watu wakapiga makofi. Vijana wakaanza kuimba na kucheza, na Salumu akawa anaongeza moto kufuata wimbo wao, anaongeza, anapunguza, anaongeza tena. Kitundu cha ubavuni kilikuwa kikavu. Nilisikia harufu ya mpira kabla ya mtu mwingine yeyote, nikasema tena, safari hii kwa nguvu, na yeye akaongeza moto zaidi huku ananiangalia machoni. Hakukosea kwa kutojua. Nilikuwa nimemwambia, mara mbili, na aliiunguza ile pampu ili tu isionekane kwamba ameambiwa. Wimbo ulipokwisha ndipo akazima, akapokea mikono ya watu, nami nikarudi jikoni kwa sababu bukari lilikuwa linashika chini.

Siku chache baadaye niliiweka kwenye pipa, nikawasha, nikaangalia. Haikukojoa. Nikaufungua mguu, nikakuta kile kigurudumu kimebaki kitovu tu, mabawa yameyeyuka na kugandamana kwenye chuma. Nilikikwangua kwa kisu, nikampelekea Salumu barazani, nikamwekea mezani kando ya chai yake, nikamwambia twende Kasumbalesa tukatafute kingine. Kilikuwa kitu cha kutengenezeka. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba kilikuwa kitu kidogo, ambacho ungekivaa mkononi kama bangili ya mtoto. Angesema tu, nimekosea, tungekuwa Kasenga kabla ya mvua. Alikitazama, akakigeuza kwa kidole, akaendelea kunywa chai yake.

Chumba changu kilipakana na sebule, na ukuta ulikuwa wa matofali yaliyosimamishwa wima, usioficha hata kikohozi. Jioni ile baba mdogo alikuja. Nilikuwa nimeketi kitandani nikichambua mchele, nikasikia kila neno. Baba mdogo aliuliza kwa nini boti haijaondoka na mtaa unacheka. Salumu akajibu kwa sauti ya mtu anayesikitika, ile sauti aliyokuwa akiitumia kwa wadai na kwa Mungu, kwamba injini ilikuja nzima, watu wote waliisikia siku ya sherehe, na sasa imekufa. Kisha akasema, akinitaja kwa jina: "Miye sikufungua kitu. Ni Zaina alikuwa anafungua fungua." Nilimsikia Mwajuma akikusanya vikombe. Alikuwa amesimama pale siku ile, alinisikia nikisema maneno ya pipa, na sasa alikusanya vikombe akatoka navyo.

Baraza la ukoo lilikaa siku ya Jumapili. Waliketi wanaume kwenye viti, mimi kwenye mkeka, na katikati, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, kile kitovu cha mpira kama kitu kilichookotwa kwenye ajali. Nilijiandaa kueleza yote, maji, kitundu, harufu, wimbo. Baba mdogo aliniuliza swali moja tu, nani aliyekuwa akiifungua injini. Nikasema ni mimi. Nilipotaka kuendelea, akainua mkono. Basi, akasema, kwa hiyo umekubali mwenyewe. Niliona jambo limekwisha hata kabla hajamaliza kuushusha mkono. Mdomo uliponza kichwa, na wangu uliniponza kwa kusema kweli. Wakaamua kwamba injini itakaa mikononi mwa mwanamume, boti itaendeshwa na mtu atakayetafutwa na Salumu, nami nitulie nyumbani mpaka nipate wa kunioa. Salumu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wiki ile ile akaenda Kasumbalesa, akarudi na kigurudumu kipya, akakiweka mwenyewe, kwa jinsi alivyoniona nikikitoa.

Niliondoka kwake na begi moja nikapanga chumba mtaa wa Kenia, hapo hapo Lubumbashi. Nimeuza samaki maisha yangu yote, samaki waliovuliwa na boti za watu. Mitaani wakaniita Mama Moteur, yaani Mama Injini, na haikuwa sifa. Mtoto akivunja redio ya baba yake, mama yake humwambia, na weye ni Mama Moteur sasa. Niliwahi kupata mchumba wa maana, fundi cherehani, na dada yake akamwuliza kama yuko tayari kumwingiza nyumbani mwanamke mwenye mkono wa kuharibu. Alikuwa tayari, akanioa, na alikuwa mume mwema mpaka alipofariki, lakini hata yeye hakuwahi kuniachia cherehani yake niitie mafuta. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka yangu ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Kasenga, na ilikuwa na kivuli, na aliitembea mpaka mwisho bila hata kujikwaa.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayo kifuani siku ya kuondoa matanga. Khitma ilikuwa imesomwa, watu wamekula, masufuria yanaoshwa, ua umejaa viti vya plastiki vya kukodi. Ndipo Idi, mwana mkubwa wa marehemu, mtu mzima sasa mwenye tumbo na ndevu, akatoka kule nyuma yeye na ndugu zake wamebeba injini. Niliijua kabla hawajaitua. Boti iliuzwa siku nyingi, lakini injini Salumu hakuiachia, na Idi akawaeleza wageni kwamba baba yao alikuwa akiiwasha mara kwa mara, kwa kuipenda tu, basi leo nao wataiwasha kumuaga. Wakaifunga kwenye farasi wa mbao katikati ya ua. Mahali pale pale. Watu wakasogeza viti, na yule mzee wa barazani akasema, tusikie.

Nikatazama, sikuona pipa. Na mimi, ambaye nilijua, nilifunga mdomo wangu. Nasema wazi kwamba nilitaka iungue. Nilitaka mpira unuke mbele ya mtaa mzima, mbele ya masheikhe na Wakatoliki, ili hatimaye wote waone kwa macho yao ni nini kinachoiua injini ya boti na ni mkono wa nani. Ilikuwa furaha mbaya. Mwajuma, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alinigeukia usoni, na nikaona anajua ninachongoja.

Idi akashika kamba. Kisha akaiachia, akawaambia wadogo zake walete maji.

"Kwanza mu fût," akasema. "Papa alitukatazaka kabisa. Alikuwa anasema ile siku ya kuaroze, ni yeye mwenyewe aliua pompe, juu ya kusikia bantu banaimba."

Wale waliokuwa karibu naye wakacheka kwa upendo, kama watu wanavyocheka kisa cha marehemu walichokisikia mara nyingi. Wadogo zake walicheka kabla hata hajamaliza. Walikijua kwa moyo. Mimi nilibaki nimekaa. Kwa hiyo aliwaambia. Aliwaambia watoto wake, mezani, akicheka, labda wakila samaki walionunuliwa kwangu sokoni na mtu aliyetumwa. Ndani ya nyumba hii ukweli ulikuwa hadithi ya kuchekesha watoto, na haukuwahi kuvuka geti. Mwajuma alinishika kiganja, akaninong'oneza kwamba marehemu alikuwa na haya, kwamba mara nyingi alitaka kuja Kenia, kwamba nisamehe kwa ajili ya siku ya leo. Nikautoa mkono wangu taratibu. Kenia na Kamalondo ni mwendo wa miguu.

Wakalivingirisha pipa la plastiki la bluu, wakalijaza ndoo kwa ndoo, wakauzamisha mguu wa injini. Idi akanitafuta kwa macho kati ya wanawake, akaniita shangazi kwa adabu, Tante Zaina, njoo uvute weye, uko mukubwa wetu. Nikasimama. Magoti yaliniuma. Nikapita katikati ya viti mpaka kwenye pipa, nikaingiza mkono kuhakikisha kwamba maji yamepita pampu. Wale wa viti vya nyuma, karibu na geti, wazee wa mtaa na wake zao, wale ambao bado huwaita watoto waharibifu kwa jina langu, walikuwa wakizungumza mambo yao, hawakuwa wamesikia lolote. Sikuigusa kamba.

"Rudilia, Idi," nikamwambia. "Ile Papa yako alisema. Sema na sauti, bale ba kule nyuma habakusikia."

Alinitazama, akamtazama mama yake, akarudi kwangu, na nikaona usoni mwake jambo likianza kumwingia polepole. Akafuta mikono kwenye suruali. Akarudia kwa sauti, na mara hii hakuna aliyecheka.